Mbegu za Kituo katika Shamba la Kilimo Hai

Kilimo hai hukataa mbolea za viwandani, viuatilifu vya maabara na mbegu zilizobadilishwa vinasaba, lakini hakijawahi kujitosheleza kwa mbegu. Mwaka 2011 mtafiti wa Uholanzi, Edith Lammerts van Bueren, na wenzake walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 95 ya uzalishaji wa kilimo hai hutegemea aina za mazao zilizotengenezwa kwa ajili ya kilimo cha kawaida. Ngano, nyanya na karoti zinazouzwa zikiwa na nembo ya kilimo hai zimetoka, kwa sehemu kubwa, kwenye vitalu vya watafiti ambao hawakumfikiria kabisa mkulima wa kilimo hai. Pande hizi mbili zilikuwa zinahitajiana kabla hazijaanza kuzungumza. Mahali pazuri pa kuona jambo hilo ni uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, ambako kampuni kubwa za mbegu hazionekani sana, na kazi ya mbegu bora imebaki mikononi mwa kituo cha utafiti cha serikali na wakulima wenyewe.

Uwanda huu umebeba wilaya za Newala na Tandahimba. Kusini unaporomoka hadi bonde la Ruvuma, magharibi unateremkia Masasi. Udongo wake mwingi ni wa kichanga, maji ya juu ya ardhi ni adimu, na mvua ni ya msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili. Zao linalotawala ni korosho. Chini ya mikorosho na pembeni yake hupandwa muhogo, mbaazi, kunde, karanga, njugu mawe, ufuta, mtama na mahindi. Korosho huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, vilivyo chini ya TANECU kwa Tandahimba na Newala na MAMCU kwa Masasi, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/08. Kwa hiyo korosho ina soko lenye mpangilio, bodi yake na kituo chake cha utafiti. Mazao ya chini ya mikorosho yanalisha nyumba, lakini mbegu zake hutoka darini, kwa jirani au gulioni.

Wakulima wengi wa uwanda huu hawaweki mbolea ya chumvichumvi kwenye mikorosho yao, na mgeni huharakisha kusema kwamba tayari wanafanya kilimo hai. Si kweli. Mkorosho hupuliziwa dawa mara kadhaa kila msimu, na sababu kubwa ni ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua kabla hayajafunga. Ugonjwa huo uliripotiwa Tanzania mwaka 1979, zao likiwa tayari limeanza kuanguka kutokana na watu kuhamishwa kutoka mashambani mwao wakati wa Operesheni Vijiji. Mavuno ya nchi yaliyofika takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74 yalishuka chini ya tani 20,000 msimu wa 1986/87. Dawa iliyoliokoa zao ni salfa, unga wa njano unaopulizwa kwa mashine ya mgongoni alfajiri, upepo ukiwa umetulia.

Salfa ni madini, na viwango vya kilimo hai huiruhusu. Kwa karatasi, basi, mkorosho uliopuliziwa salfa pekee unaweza kuthibitishwa. Shambani mambo si mepesi hivyo. Salfa ikirundikana mwaka hadi mwaka kwenye udongo wa kichanga huongeza tindikali, na jambo hilo lilichunguzwa kusini mwa Tanzania tangu miaka ya 1990. Mkulima anaweza kuwa ndani ya kanuni zote za kilimo hai huku akiharibu ardhi itakayopandwa karanga na mjukuu wake. Njia ya kupunguza salfa bila kupoteza korosho ni mti wenyewe kuvumilia ubwiri unga, na mti wa namna hiyo hutokana na kazi ya miaka mingi ya kuchagua, kuchavusha na kupima.

Kazi hiyo hufanyika Naliendele, kilomita chache kutoka mjini Mtwara, katika kituo ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kwa njia ya kubebesha, kikonyo cha mti bora huunganishwa na mche uliooteshwa kwa korosho ya kawaida, na mti unaokua hubeba tabia zote za mama yake. Hakuna dawa katika hatua hiyo, wala hakuna kinachopingana na kilimo hai. Kitalu cha kijiji kinachopata vikonyo vya aina bora kinaweza kuzalisha miche kwa samadi, mboji na udongo wa msituni, na miche hiyo ikaingia shamba lolote. Ushirikiano mkubwa kuliko wote kati ya kilimo hai na utafiti wa kawaida kwenye uwanda huu ulishatokea, ila haukupewa jina hilo.

Mdudu anayeitwa mbu wa mikorosho ni kesi nyingine. Hufyonza machipukizi na kuyaacha meusi kama yameunguzwa, na wengi humpiga kwa viuatilifu vya viwandani. Watafiti wa Tanzania wamechunguza matumizi ya maji moto, wale chungu wekundu washonao majani kujenga viota vyao mtini, kama walinzi dhidi ya mbu huyo. Mchuma korosho yeyote anawajua na hawapendi. Hapa mbegu bora haitoi jibu peke yake: mti unaovumilia ubwiri unga bado unahitaji mlinzi dhidi ya mdudu, na dawa inayomuua mdudu humuua mlinzi pia.

Kwenye mazao ya chakula hali hubadilika, na sababu ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kisayansi. Kampuni ya mbegu huishi kwa mteja anayerudi kila msimu. Mahindi chotara humrudisha mteja, kwa kuwa punje zilizovunwa zikipandwa tena hazitoi mavuno yaleyale. Karanga hujichavusha zenyewe. Aliyenunua mara moja anaweza kujitunzia mbegu kwa misimu kadhaa. Tena karanga ni mzigo. Ekari moja ya mahindi hupandwa kwa kilo nane hadi kumi za mbegu, wakati ekari ya karanga hutaka kilo 30 hadi 40 zilizobanguliwa, nazo zikishabanguliwa huharibika upesi. Muhogo hupandwa kwa pingili, ambazo haziwezi kukaa kwenye pakiti wala kwenye rafu ya duka la pembejeo. Njugu mawe hazina kampuni kabisa. Orodha ya mazao yanayolisha uwanda wa Makonde inakaribiana sana na orodha ya mazao ambayo kampuni za mbegu huyakwepa.

Pengo hilo limejazwa na Naliendele. Mwaka 1998 kituo kilitoa karanga aina ya Pendo, inayokomaa kwa takriban miezi mitatu na inayopendwa sokoni (jina nalo halikuiletea hasara). Mwaka 2009 zilifuata aina zilizopewa majina ya nyumbani: Masasi, Mangaka, Mnanje, Nachingwea na Naliendele. Majina ni ya kusini lakini ukoo ni mpana zaidi, kwani miongoni mwake zimo zilizoanzia kwenye mistari ya uzazi ya taasisi ya kimataifa ya ICRISAT, iliyokuwa ikiendesha kazi ya karanga nchini Malawi. Kilichotafutwa zaidi ni ukinzani dhidi ya rozeti, ugonjwa unaosambazwa na vidukari na kuudumaza mkaranga hadi ukabaki kishada cha majani ya njano. Mkulima wa kawaida anaweza kujaribu kuua vidukari kwa dawa. Wa kilimo hai hana silaha hiyo; kwake ukinzani uliomo ndani ya mbegu ni nusu ya ulinzi wote, na nusu iliyobaki ni kupanda mapema na kwa karibu. Aina inayokinza ugonjwa ina thamani kubwa zaidi katika shamba lisilo na dawa, ijapokuwa mtafiti aliyeitengeneza hakulazimika kuliwazia shamba hilo.

Watetezi wa kilimo hai mara nyingi huweka mbegu za asili upande mmoja na mbegu za watafiti upande mwingine. Historia ya muhogo uitwao Namikonga inauvuruga mpaka huo. Wakulima wa kusini mwa Tanzania wameupanda kama muhogo wao, kwa jina lao, wakigawiana pingili kwa jirani na kwa ndugu. Sifa yake kubwa ni kustahimili michirizi ya kahawia, ugonjwa wa hila kuliko mingi: shina husimama, majani hupendeza, na siku ya kuchimba ndipo mizizi huonekana imeoza kwa madoa makavu ya kahawia. Ugonjwa huo ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, kwenye milima ya Usambara. Ili kupata muhogo wenye ukinzani, watafiti wa Amani waliuchavusha muhogo na ndugu yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceará. Watoto wa kwanza walikuwa na afya nzuri, ila mizizi yao haikufaa kuliwa, hivyo walirudishwa kwa muhogo tena na tena hadi kizazi cha tatu. Kazi ya uzazi wa muhogo huko Amani ilifungwa mwaka 1957. Moja ya mazao yake lilikuwa na namba tu, 46106/27.

Namba hiyo iliingia vijijini, ikapotea, na ikapata majina. Pwani ya Kenya iliitwa Kaleso. Vipimo vya vinasaba vya miaka ya karibuni vimeonyesha kuwa Kaleso ya Kenya na Namikonga ya Tanzania ni mmea mmoja. Muhogo ulioonekana wa mababu ulitoka kwenye kitalu cha serikali ya kikoloni, ukatunzwa na wakulima kwa miongo kadhaa baada ya kituo chenyewe kuusahau, kisha ukarudi kwa watafiti kama mzazi wa kizazi kipya. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya uchavushaji kati ya Namikonga na Albert, aina nyingine ya wakulima inayougua kirahisi, kutafuta sehemu za vinasaba zinazobeba ukinzani. Waandishi waliziita zote mbili aina za wakulima wa Tanzania, na hawakukosea. Kama Namikonga ingekuwa na hati ya mmiliki mwaka 1957, na wakulima wakakatazwa kugawiana pingili zake, huenda leo isingekuwapo pa kuichukua.

Viwango vya kilimo hai vyenyewe vinakubali utegemezi huu. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007 na kubeba nembo ya Kilimohai, hudai mbegu zilizozalishwa kwa kilimo hai. Pale zisipopatikana, mbegu za kawaida ambazo hazikutiwa dawa za viwandani huruhusiwa. Zilizobadilishwa vinasaba haziruhusiwi kwa hali yoyote. Tanzania suala hilo la mwisho halisumbui sana. Jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba lililokuwa Makutupora, Dodoma, lilisimamishwa mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kufuta utafiti wa namna hiyo. Mkulima wa kilimo hai wa Marekani huhofia chavua kutoka kwa jirani. Wa Tandahimba hana hofu hiyo.

Kikwazo chake ni rangi. Mbegu nyingi za dukani hupakwa unga wa waridi, kijani au buluu, rangi ambayo ni onyo kuwa mbegu imetiwa dawa ya ukungu au ya wadudu na haifai kuliwa. Kwa kampuni huo ni utaratibu mwepesi wa kulinda mzigo utakaokaa ghalani miezi kadhaa. Kwa mkulima aliyesajiliwa kilimo hai, pakiti ileile yenye aina ileile inaweza kumwondolea cheti. Mara nyingi tofauti kati ya mbegu inayomfaa na isiyomfaa haimo ndani ya punje hata kidogo, imo juu ya ganda. Kampuni ingeweza kutenga sehemu ya mzigo kabla ya kupaka dawa, lakini haitatenga pasipo oda ya mapema na ya kiasi cha kutosha. Mkulima mmoja hawezi kutoa oda hiyo. AMCOS inaweza.

Njia nyingine, na kwa karanga ndiyo bora, ni mbegu za kuazimiwa ubora. Mfumo huu ulipendekezwa na Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, mwaka 1993, na Tanzania ikaupokea mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kikundi cha wakulima huchukua mbegu za daraja la juu kutoka kituo cha utafiti au Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, husajili shamba, na huzalisha mbegu za kuuzia majirani chini ya macho ya mkaguzi wa wilaya na TOSCI, taasisi inayodhibiti ubora wa mbegu. Ukaguzi ni mwepesi na nafuu kuliko ule wa mbegu zilizothibitishwa kikamilifu, na soko lake limewekewa mipaka ya karibu.

Katika shamba la namna hiyo wakaguzi wawili wanaweza kupita wasiulizane swali linalofanana. Wa mbegu huuliza msimu uliopita palipandwa nini, kwa kuwa karanga zilizobaki ardhini huota tena na kuchanganya aina. Hupita mistarini akitafuta mmea wenye umbo la kigeni au wenye rozeti, ambao hung'olewa papo hapo. Baada ya mavuno huchukuliwa sampuli kupimwa unyevu, usafi na uotaji. Hajali kama rutuba ilitoka kwenye samadi au kwenye mfuko wa kiwandani. Mkaguzi wa kilimo hai, au wakulima wenzake wanapokaguana kwa mfumo shirikishi, huuliza yaliyobaki: kilichowekwa, bomba la dawa liliazimwa kwa nani, shamba la jirani liko umbali gani. Maswali ya pande mbili yakijibiwa katika shamba moja, zinapatikana mbegu za karanga zenye ubora unaotambuliwa na sheria na zisizo na dawa. Pande hizo hazitakiwi kubadili imani zao, zinatakiwa tu kupanga siku ya kwenda shambani.

Swali la jirani ni zito zaidi Tandahimba kuliko mahali pengi, kwa sababu mashamba yote yamo chini ya mikorosho au karibu nayo. Mashine za kupulizia hurusha dawa juu, na upepo haufuati mipaka ya ekari. Kalenda huisaidia karanga: hung'olewa mvua zinapoisha, kabla ya upuliziaji wa mikorosho kuanza kushika kasi mwezi Juni. Mbaazi haina bahati hiyo. Bado imesimama na maua au maganda wakati mashine zinapowashwa, nayo huchavushwa kwa kiasi na nyuki, kwa hiyo mbegu zake zinaweza kuharibiwa na dawa ya jirani na kuchanganywa na mbaazi ya jirani kwa pamoja. Kikundi kinachotaka kuzalisha mbegu za kilimo hai kingefanya vyema kuanza na karanga, na mbaazi ikasubiri hadi kitongoji kizima kikubaliane.

Sheria nayo ina mkono wake. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ilifunga biashara ya mbegu zisizokaguliwa. Sheria ya haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea ya mwaka 2012 iliiandaa nchi kujiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa haki hizo, na Tanzania ikawa mwanachama tarehe 22 Novemba 2015. Mkulima mdogo ameachiwa kutumia aina iliyolindwa kwa mahitaji yake binafsi yasiyo ya biashara, lakini kuuza mbegu yake ni jambo jingine. Mashirika ya kilimo ikolojia yamelalamika kwamba desturi ya kugawiana mbegu imesukumwa kwenye kona, na lalamiko hilo lina uzito kwa mtu anayeijua safari ya Namikonga. Kuazimiwa ubora ni mlango uliobaki wazi, ila unafunguka kwa aina zilizokwisha kusajiliwa. Njugu mawe za Newala zilizochaguliwa na akina mama kwa vizazi haziingii humo mpaka kituo kizichukue, kizipime na kuzisajili.

Ulaya ushirikiano huu umekwenda mbali zaidi, kwa sababu kuna mnunuzi. Vitalis, kampuni ya mbegu za kilimo hai ya Uholanzi, ni sehemu ya Enza Zaden, kampuni ya kawaida ya mbegu za mboga. Aina hutoka kwenye programu moja ya uzazi, kisha mbegu huzalishwa katika mashamba ya kilimo hai. Mfano huo haubebeki mzima mzima hadi Tandahimba, kwa kuwa mbegu za nyanya huuzwa kwa gramu na za karanga kwa gunia. Kinachobebeka ni mgawanyo wa kazi: uzazi wa aina ni gharama ya miaka mingi na unabaki kwa mwenye maabara, na uzalishaji wa mbegu unaweza kuwa wa kilimo hai hata kama uzazi haukuwa.

Linalobaki ni nani alipe. Kwa korosho jibu liliwahi kuwapo: hadi mwaka 2018 asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje ilipangiwa kuendeleza zao hilo, ikiwamo pembejeo na utafiti, kabla Bunge halijabadili utaratibu. Karanga, njugu mawe na muhogo hazijawahi kuwa na fungu la namna hiyo. Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, uliozinduliwa Novemba 2023 na unaofika hadi 2030, unazitaja mbegu za wakulima, lakini kituo kinachotegemewa kuzisafisha na kuzisajili ni kilekile kinachosubiri bajeti ya kila mwaka. Vyama vya msingi vinavyokata makato kwenye kila kilo ya korosho vina uwezo wa kuagiza mbegu za msingi za karanga kwa ajili ya wanachama wao, na hiyo ni hatua ndogo kuliko nyingi ambazo vyama hivyo hukopa fedha kuzifanya.

Kwa anayelenga soko la Ulaya, muda una mpaka. Kanuni za Umoja wa Ulaya za kilimo hai zilizoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 zinaruhusu mbegu za kawaida zisizotiwa dawa kwa vibali tu, na vibali hivyo vimepangwa kukoma tarehe 31 Desemba 2036. Karanga huongezeka polepole: kilo moja ikipandwa na kutunzwa vizuri hurudisha kama kumi. Kwa kasi hiyo ekari moja ya mbegu za msingi kutoka Naliendele hutosha kupanda ekari elfu moja baada ya misimu mitatu, na juu ya uwanda wa Makonde msimu ni mmoja kwa mwaka.